Theophanu: mpwa wa kaisari aliyetawala ugenini

Je, Theophanu alikuwa kweli binti wa kaisari wa Bizanti, yaani Dola la Roma la Mashariki? Shaka hiyo ina msingi, kwani alikuwa jamaa tu ya kaisari Ioannes Tzimiskes, na wapo waliomshauri Otto wa Kwanza, kaisari wa Ujerumani na Italia, amrudishe kwao Konstantinopoli. Otto alikataa, na Theophanu akaolewa na mwanawe, Otto wa Pili, mjini Roma tarehe 14 Aprili 972. Hati ya mahari yake (mahari hasa, maana mume ndiye aliyetoa) iliandikwa kwa wino wa dhahabu juu ya ngozi iliyopakwa rangi ya zambarau, nayo ingali imehifadhiwa Wolfenbüttel, Ujerumani.

Mumewe alipofariki mwaka 983, mwana wao alikuwa na umri wa miaka 3, na binamu wa marehemu, Heinrich wa Bavaria, akamteka mtoto huyo hadi aliposhurutishwa kumrudisha mwaka 984. Tangu hapo mama ndiye aliyeshika hatamu za dola mpaka alipofariki Nijmegen mwaka 991, na katika hati moja ya Ravenna ya mwaka 990 alijiita kaisari kwa jina la kiume, Theophanius, jambo ambalo kwangu linasema mengi kuliko ukoo wake.