Upton Sinclair: usome kipi baada ya The Jungle?

Umemaliza The Jungle, riwaya ya Mmarekani Upton Sinclair, na unataka kitabu chake kingine? Chukua Oil! (1927). Bunny, mtoto wa tajiri wa mafuta kule California, anampenda baba yake lakini moyo uko kwa vibarua wa visima, na mvutano huo ndio unaobeba kitabu kizima. Hapa Sinclair ametulia kuliko alipokuwa na Jurgis wa The Jungle, mhamiaji wa Lithuania kwenye machinjio ya Chicago, kitabu ambacho sura zake za mwisho hugeuka mahubiri ya kisoshalisti (nadhani hapo ndipo ulipochoka, na si wewe peke yako). Usitegemee filamu ya There Will Be Blood ikupe hadithi hii, maana imechota kidogo tu kutoka mwanzoni. Kitabu cha Oil! kilipopigwa marufuku Boston, Sinclair alitoa toleo lenye kurasa 9 zilizofunikwa kwa picha ya jani la mtini, akaliuza mwenyewe barabarani.

Ukipenda migomo, soma King Coal (1917), kuhusu wachimba makaa ya mawe wa Colorado. The Brass Check (1919) si riwaya. Humo anayashambulia magazeti. Mfululizo wa riwaya za mhusika Lanny Budd una vitabu 11. Dragon's Teeth, kilichompa tuzo ya Pulitzer mwaka 1943, ni cha tatu, kwa hiyo ukikirukia utakuta wahusika wanajuana tayari. Anza na World's End (1940).

Na ukitafuta, andika jina lote. Sinclair Lewis, mwandishi wa Babbitt, ni mtu mwingine kabisa.