Beetle ya 1965 iliyoshushwa mbele: niiandikishe kwa jina gani?

SWALI: Nina Volkswagen Beetle ya 1965 aliyoniachia marehemu baba. Injini yake ya cc 1200 ilikufa, nikaweka ya cc 1776 yenye kabureta mbili. Mbele nimeishusha, nyuma iko kwenye urefu wake wa kiwandani. Bampa nimezitoa, breki za mbele ni za diski, rimu ni za aloi za mikono mitano za muundo wa zamani. Rangi sijaigusa. Ni ile ile ya bluu, ila kwenye paa na boneti imechujuka hadi chuma kinaonekana. Nataka kuipeleka kwenye maonyesho ya magari ya zamani, na fomu inataka nitaje mtindo. Fundi wangu anasema ni hot rod. Shemeji anasema ni rat rod. Kijana wa duka la vipuri anasema ni restomod. Nani yuko sahihi, na waamuzi wataangalia nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, kwanza pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kutoliacha gari lake lioze uani. Wote watatu wamekosea, ila kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Gari lako lina jina lake, nalo linafaa kuandikwa kwenye fomu bila kusitasita: Cal Look. Nieleze nilivyofika hapo, maana mwamuzi akikuuliza utahitaji kujibu mwenyewe.

Mitindo hii haikutungwa mezani. Kila mmoja ulizaliwa kwenye barabara fulani, kwa watu waliokuwa na haja fulani na pesa kidogo. Kwa hiyo nikilisogelea gari lililobadilishwa, naacha kuhesabu vifaa na kujiuliza: gari hili lingeonekana mahali gani, mwaka gani, na mwenyewe alikuwa anatafuta nini? Jibu likipatikana, jina linakuja lenyewe.

Tuchukue hot rod. Hiyo ni kazi ya vijana wa kusini mwa California, walioanza kukimbiza magari kwenye maziwa makavu kama Muroc. Chama chao cha mbio, SCTA, kiliundwa 1937. Walinunua Ford kuukuu, Model T au Model A, wakavua madigadi na kila kilichoongeza uzito, wakachokonoa injini. Mwaka 1932 Ford ilipotoa V8, injini ya silinda nane, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuifikia, gari la mwaka huo likawa mfalme wao mpaka leo. Baadaye kilipoundwa chama cha kitaifa cha street rod (hot rod za kutembelea barabarani), NSRA, mwaka 1970, kilichora mstari: magari ya 1948 kurudi nyuma. Mstari huo una sababu. Ford ya 1949 ilikuja na ubavu mmoja ulionyooka, na madigadi yaliyosimama peke yake yakawa yamekwisha. Fundi wako anatumia neno hot rod kwa maana pana ya gari la zamani lenye injini kali. Mtaani inakubalika. Kwenye fomu, Beetle yako itawekwa jirani na Ford za 1932, na hapo hakuna mwamuzi atakayejua akulinganishe na nini.

Shemeji ameona chuma kinachoonekana, akasema rat rod. Ninaelewa. Lakini rat rod ni gari lililounganishwa kwa vipande vya magari tofauti: bodi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, chasisi ya kujichomea, giaboksi ya lori, na mishono ya welding iliyoachwa wazi kwa makusudi. Lilikuja kama ubishi dhidi ya hot rod za mamilioni zilizokuwa zinabebwa kwenye trela na kufutwa kwa kitambaa laini. Gari lako halijaunganishwa na chochote. Ni Beetle nzima yenye ngozi iliyozeeka, na katika Volkswagen jambo hilo lina jina jingine, rat look. Suala la rangi nitalirudia.

Restomod haihitaji maneno mengi. Ni bodi ya zamani juu ya mitambo ya kisasa: injini inayopulizia mafuta kwa kompyuta, kiyoyozi, usukani wa kusaidiwa. Injini ya 1776 ni ile ile ya Beetle iliyotanuliwa, pistoni za milimita 90.5 na mwendo wa kawaida wa milimita 69. Fundi wa 1970 angeifungua leo bila kuuliza swali. Diski za mbele nazo hazikubadilishi jina, kwani Volkswagen wenyewe waliziweka kwenye Beetle ya 1500 katikati ya miaka ya 1960.

Sasa Cal Look. Katika miaka hiyo ya 1960, kule Orange County, kulikuwa na vijana waliokimbiza Beetle kwenye mbio za mstari mnyoofu. Klabu yao iliyosikika zaidi ni Der Kleiner Panzers. Duka la EMPI la Riverside lilikuwa linawauzia rimu, ekzosi na vifaa vya injini, na Beetle yake ya mashindano, Inch Pincher, iliwaaibisha watu wenye V8. Kila kitu unachokiona kwenye mtindo huu kinatoka kwenye mbio hizo. Bampa zilitolewa kupunguza uzito. Tairi nyembamba mbele, pana nyuma, kwa sababu injini iko nyuma na nguvu inakamata barabara huko. Pua chini, nyuma palepale. Urembo wa kromu ukang'olewa na matundu yake yakazibwa, kioo kidogo cha pembetatu mlangoni kikaondolewa na kuwekwa kioo kimoja. Mwaka 1975 gazeti la Hot VWs likaupa mtindo huu jina la California Look, na tangu hapo watu wanaufupisha.

Soma tena barua yako. Pua chini, nyuma kwenye urefu wa kiwandani, hakuna bampa, rimu za mikono mitano, kabureta mbili. Umejenga Cal Look bila kujua unajenga nini, na hilo linanifurahisha, maana umefuata jicho lako.

Angalia pia jinsi msimamo wa gari unavyotenganisha majina. Lowrider nayo imeshushwa, lakini imeshushwa mbele na nyuma, na nia yake ni kutembea polepole watu waone. Wamarekani wenye asili ya Meksiko wa Los Angeles ndio waliolea mtindo huo. Sheria ya California iliyoanza kutumika 1958 ilipokataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini ya ukingo wa rimu, Ron Aguirre akafunga pampu za haidroli kwenye Corvette yake mwaka 1959, ili ainuke akimwona polisi na ashuke akishampita. Mtu aliyeshusha Beetle pande zote hadi tairi zinajificha hajatengeneza Cal Look, hata akiweka kabureta nne.

Linabaki suala la rangi, na hapa wenye mtindo wenyewe wanabishana. Cal Look ya asili ilipakwa rangi moja inayong'aa kama kioo. Wapo waamuzi wakali watakaosema gari lako si kamili kwa sababu hiyo. Mimi nasema usiipake. Rangi ya kiwandani hupakwa mara moja tu, na ile uliyo nayo imeshikwa na mikono ya baba yako. Kwenye fomu andika: "Cal Look, rangi ya kiwandani iliyohifadhiwa." Maneno hayo yanamwambia mwamuzi kwamba umejua kanuni na umechagua.

Ila thibitisha kwamba ni rangi iliyochujuka kweli, kwa sababu siku hizi kuna wanaoichubua kwa msasa na kuipulizia chumvi na siki ili ipate kutu haraka. Kuitambua ni rahisi. Jua hupiga kutoka juu: paa huisha kwanza, kisha boneti na migongo ya madigadi, na kadiri unavyoshuka ubavuni rangi inazidi kunona. Ndani ya milango na chini ya kifuniko cha buti rangi inatakiwa kuwa nzima. Nikikuta kutu imetapakaa sawasawa juu na chini, najua imetengenezwa. Kwa Tanga kuna jambo moja zaidi. Upepo wa chumvi hufanya kutu ya juu igeuke kuwa tundu haraka kuliko bara. Isugue kwa sufi laini ya chuma, kisha paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka nyembamba. Usiache matambara ya mafuta hayo yamerundikwa, yanaweza kuwaka yenyewe.

Kuhusu waamuzi. Mwamuzi mzuri hupima mambo mawili mbalimbali: mtindo umetimia kiasi gani, na kazi imefanywa vizuri kiasi gani. Mtindo wa kuchakaa hauruhusu ufundi mbovu. Mimi hubeba sumaku ndogo iliyovikwa kitambaa. Ninakumbuka Volkswagen moja iliyong'aa kiasi kwamba watu walipanga foleni kupiga nayo picha. Nikaweka sumaku juu ya digadi la nyuma, ikaanguka chini. Nikarudia sentimita kumi pembeni, ikaanguka tena. Sumaku hushika chuma tu, na hapo pati ya kujazia mabonde ilikuwa nene kama chapati. Mwenyewe alikuwa amelipa pesa nyingi kwa kazi hiyo, na niliumia kumwambia.

Kwa Beetle, nitapiga magoti kabla sijatazama rangi. Nitabonyeza ile mirija ya pembeni chini ya milango inayopitisha hewa ya joto, kwa sababu ndiyo uti wa mgongo wa bodi na ndiyo inayooza kwanza. Nitainua kiti cha nyuma upande wa kulia nione sakafu chini ya betri, maana asidi ya miaka sitini haisahau. Nitafungua mlango na kuufunga kwa kidole kimoja.

Kisha ushushaji. Ukishusha pua peke yake, gari zima linainama na pembe ya miguu ya mbele inabadilika. Usukani unaacha kujirudisha katikati, na kwenye spidi ya 90 gari linaanza kutangatanga. Tiba yake ni shimu, yaani vibati vyembamba vya chuma, nyuma ya bomba la chini la ekseli ya mbele, kazi ya saa chache. Nikiziona najua fundi alifikiri. Nitatafuta pia alama za tairi kusugua ndani ya digadi, na nitaangalia kama shokabsoba ni fupi zinazolingana na urefu mpya au zile zile za zamani zilizobanwa hadi mwisho.

Kwenye injini kosa ninalokuta kila mara ni mabati. Injini hii inapozwa kwa hewa, na mabati yanayoizunguka pamoja na mipira yake ya pembeni ndiyo yanayotenga hewa baridi ya juu na ya moto ya chini. Watu wanayatoa ili kabureta mpya zienee au ili injini ionekane. Kwa joto la pwani hiyo ni kuipika. Kama mafundi wako waliyatupa, yatafute kabla ya kitu kingine chochote. Hapo hapo kagua mipira ya petroli: iwe mipya, kila ncha iwe na klipu, na pale mpira unapopenya bati la mbele ya injini pawe na kipande cha kuukinga usikatwe. Beetle nyingi zimeteketea kwa mpira wa bei ndogo.

Na breki. Gari lako liliondoka kiwandani na nguvu za farasi 34 na mfumo wa breki wa mkondo mmoja, yaani bomba moja likipasuka unabaki bila breki kabisa. Sasa nguvu imezidi mara mbili. Diski ni jambo jema, lakini kama silinda kuu bado ni ile ya 1965, badilisha uweke ya mikondo miwili iliyokuja baadaye. Mimi nisingekupa alama kamili bila hiyo, na nisingekuruhusu kunipeleka Korogwe.

Nikuachie na wazo moja la pembeni, si kwa gari hili bali kwa lijalo. Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na tena 1962, kwenye tope na vumbi la huku kwetu. Gari lililoinuliwa, lenye bamba la kukinga tumbo, taa za ziada mbele na tairi mbili za akiba juu ya paa ni mtindo wenye historia ndefu kuliko Cal Look, na barabara yake iko nje ya mlango wako. Ningependa sana kuona vijana wakiujenga kwa kufuata picha za miaka ile.

Kwa sasa, jaza fomu. Kwenye nafasi ya maelezo orodhesha kila ulichobadilisha na kila ulichokiacha, bila kuficha injini. Weka picha ya mzee akiwa na gari, kama ipo, ndani ya kioo cha mbele upande wa abiria. Waamuzi wengi huisoma kabla ya kushika kalamu, na itawaonyesha bluu ile ilivyokuwa.