Jibu: Bado tungoje Fast & Furious ya mwisho?

Ndugu wa Kondele, umeuliza kama kuna haja ya kungoja sehemu ya mwisho ya filamu hizi za magari baada ya Fast X (2023), ile ya kumi, kutuacha njia panda. Mimi nitangoja, ila kwa shingo upande.

Kinachoniudhi si magari kuruka. Hata lile lililofika anga za juu kwenye F9, ile ya tisa, nililicheka tu, nikaendelea na njugu zangu. Shida ni kwamba hakuna anayekufa. Letty, mpenzi wa Dom ambaye ndiye shujaa, alizikwa 2009, akarudi 2013. Han, mwenzao kikosini, alilipukia Tokyo, kumbe mzima, 2021 huyo hapo anatafuna vitafunio. Giselle, mpenzi wa Han, aliachia mkono wake akadondoka gizani ndege ikienda kasi, na mwishoni mwa Fast X anaibuka kutoka kwenye nyambizi! Sasa Dom akiachwa chini ya bwawa lenye mabomu, nishikwe na wasiwasi wa nini?

Linganisha na ile ya saba, ya 2015. Paul Walker, mmoja wa waigizaji wakuu, alikuwa ameaga dunia Novemba 2013, ndugu zake wakasaidia kukamilisha sehemu zake. Mwishoni magari mawili yanakwenda sambamba, kisha barabara zinaachana. Hapa Nakuru, kibanda kizima cha filamu kilichojaa makanga wenye makelele kilinyamaza.

Ombi langu ni dogo: wapunguze nyambizi, waturudishie mbio za usiku mtaani kama 2001. Wewe ukikosa muda, rudia ya tano, ile ya Rio, halafu ya saba. Ya nane iruke tu, hutajuta.