Re: Matufaha yangu ya vuli yanageuka unga mdomoni

Salaam ndugu. Umesema ulinunua matufaha mengi vuli hii, ukayapanga kwenye bakuli mezani, na baada ya wiki mbili yote yamelainika, ukiyatafuna ni kama unga. Kabla ya kulaumu aina, angalia kwanza yalikokaa. Kwenye joto la chumbani tufaha huendelea kuiva na kutoa gesi ya ethilini, inayoharakisha hata yale ya jirani. Yangu nayaweka chini kabisa kwenye friji, ndani ya mfuko wenye matundu, nyuzi 0 hadi 4, mbali na mboga za majani. Lililochubuka naliondoa siku hiyohiyo.

Kisha aina. McIntosh ni tamu mno likiwa limetoka mtini, lakini hulainika upesi, kwa hiyo nalila la kwanza. Fuji, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1962, na Granny Smith huvumilia miezi. Penzi langu ni Honeycrisp: ukiling'ata linapasuka, maji yanajaa mdomoni! Litoe kwenye friji nusu saa kabla, harufu yake itafunguka.

Hayo yaliyolainika usiyatupe, yapike na mdalasini kidogo.