Mteja amekuja na mbwa wake: akae wapi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina mgahawa mdogo hapa Arusha: chumba kimoja cha kulia, jiko nyuma, na bustani ya nyasi mbele yenye meza na miamvuli. Siku hizi wateja wengi, wageni na Watanzania wenzetu, wanakuja na mbwa wao. Wengine wanakaa nao bustanini kwa utulivu, wengine wanaingia nao hadi ndani na kuwalisha kwenye sahani zangu. Juzi familia moja ya Kiislamu iliona hivyo, ikanyanyuka na kuondoka kabla ya kuagiza. Mpishi wangu anasema mbwa ni magonjwa, niwakatalie wote. Mume wangu anasema nikiwakatalia nafukuza hela. Naomba unieleze kitaalamu: hatari ipo kweli au ni woga tu? Na nikiwaruhusu, niwaruhusu vipi?
Mwenye mgahawa, Arusha

JIBU: Dada yangu, bustanini waruhusu, kwa masharti. Ndani ya chumba cha kulia wakatalie. Jikoni na stoo asikanyage mbwa yeyote, hata awe wako mwenyewe. Mpishi wako ana haki ya kuogopa, ila naona anamwogopa mbwa asiyestahili kuogopwa. Nitafika huko.

Tuanze na kichaa cha mbwa, kwa kuwa ndicho kinachoua. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwa Tanzania makadirio yanayotajwa sana ni vifo 1,500 hivi. Karibu wagonjwa wote, 99 katika kila 100, wameupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba ya kutegemewa. Lakini ugonjwa huu hauji kwa mbwa kulala chini ya meza, wala kwa unyoya ulioangukia kwenye chai. Virusi vyake viko kwenye mate. Ili viingie mwilini mtu lazima aumwe, akwaruzwe, au mate yamguse kwenye kidonda, jichoni au mdomoni. Ndiyo maana sharti langu la kwanza ni chanjo, kabla hata ya kuzungumzia usafi.

Mwombe mteja kadi ya chanjo, au picha yake kwenye simu. Usiangalie muhuri tu, soma tarehe. Mbwa huanza kuchanjwa akifikisha miezi mitatu, na baada ya sindano ya kwanza mwili unahitaji wiki tatu hadi nne kujenga kinga. Kadi ya wiki iliyopita kwa mbwa mchanga bado haijamkinga mtu yeyote. Hapa kwetu chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka, kwa hiyo kadi iliyopitiliza nayo haifai. Mteja anayempenda mbwa wake hatachukia kuulizwa. Atakayechukia, mwache aende. Kumbuka kuwa kati ya watu wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 hivi ni watoto walio chini ya miaka 15, na mgahawa wenye bustani ni mahali pa watoto.

Jambo la pili ni minyoo, na hapa nyasi zako ndizo zinanipa wasiwasi. Mbwa wana minyoo yao ya safura. Mayai yake hutoka na kinyesi, na kwenye udongo wenye unyevu na joto huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Baada ya wiki moja hivi viluwiluwi vyake vinaweza kupenya ngozi ya mtoto anayecheza pekupeku. Vikiingia hutambaa chini ya ngozi na kuacha mistari myekundu inayowasha vibaya sana. Wenzetu wa mahoteli ya ufukweni wanaijua shida hii. Hivyo mbwa wasikae pale watoto wanapochezea. Watengee upande wenye sakafu ya saruji au mawe, unaoweza kuoshwa ukakauka juani.

Sasa nije kwa yule mbwa ambaye mpishi wako angepaswa kumwogopa. Kuna tegu mdogo sana, wa milimita chache tu, anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mbwa humpata kwa kula ini au mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe yenye vifuko vya maji. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi, hunata kwenye manyoya, na mtu akiyameza humfanyia uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, unaokua polepole kwa miaka hadi uhitaji upasuaji. Ugonjwa huo ni haidatidi. Turkana, Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizowahi kurekodiwa kuwa na wagonjwa wengi zaidi duniani, na kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania upo pia. Mbwa wa mteja wako anayekula chakula kilichopikwa na kupewa dawa ya minyoo mara kwa mara ana nafasi ndogo ya kuwa naye. Mwenye nafasi kubwa ni yule asiye na mwenyewe, anayezunguka machinjioni na mabucha, kisha jioni analala nyuma ya jiko lako akisubiri atupiwe pafu.

Nimekagua migahawa mingi na mabanda mengi ya nyama choma, na jambo hili linaniuma. Mwenye biashara anamzuia mbwa aliyefungwa kamba, aliyechanjwa, ana jina na daktari. Wakati huohuo mlango wa nyuma wa jiko uko wazi, ndoo ya mabaki haina mfuniko, na mbwa wawili wa mtaani wanapita chini ya meza ya kukatia nyama bila mtu kuwaona, maana wamezoeleka. Ukitaka kupunguza hatari leo, kabla ya kuandika tangazo lolote, anza na mlango huo. Weka wavu, funika mapipa, na mwambie mpishi kuwa ini na mapafu yenye vifuko huchomwa moto au kufukiwa shimo refu. Hayatupwi kwa mbwa, hata kwa huruma.

Baada ya hapo kuna mikono. Magonjwa mengi ya tumbo yanayotoka migahawani, taifodi ikiwemo, yanatoka kwa binadamu mwenzetu: mhudumu aliyetoka chooni bila kunawa, maji yasiyo salama, chakula kilichopikwa asubuhi kikakaa hadi jioni. Bakteria wa taifodi hawaishi kwa mbwa kabisa. Mbwa anaweza kubeba bakteria wengine wa kuharisha, kama salmonela za aina nyingine na kampilobakta, na njia yake fupi kabisa ya kufika kwenye sahani ni mkono wa mhudumu aliyempapasa kisha akabeba mkate. Kwa hiyo wahudumu wako wasiguse mbwa wakiwa kazini. Akigusa kwa bahati mbaya, akanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kushika kitu kingine chochote.

Wenzetu waliotangulia kuruhusu jambo hili wameuchora mstari palepale ninapokuambia uuchore. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 852 ya mwaka 2004 inataka wanyama wa nyumbani wazuiwe kuingia panapoandaliwa, kushughulikiwa au kuhifadhiwa chakula. Ndani ya mpaka huo ndipo Wafaransa wengi wanakunywa kahawa na mbwa miguuni. Marekani ilikuwa kali zaidi. Jimbo la California liliruhusu mbwa wa kufugwa kwenye meza za nje kuanzia mwaka 2015, na mwongozo wa kitaifa wa usalama wa chakula wa mwaka 2022 ukafungua mlango huohuo wa meza za nje, pale mamlaka ya eneo inaporidhia. Masharti ya California nayapenda kwa sababu yanatekelezeka hata kwa mgahawa mdogo: mbwa aingie kwa njia ya nje bila kupita ndani, awe amefungwa kamba au yuko kwenye kikapu chake, asipande kiti wala benchi, chakula na maji yake viwe kwenye vyombo vya kutupa, na eneo hilo lisitumike kuandaa chakula wala kuhifadhi vyombo.

Kwako Arusha, usibandike tangazo kabla ya kumwona afisa afya wa halmashauri. Mchoree mpango wako: lango, upande wa mbwa, bomba la kunawia, umbali hadi jikoni. Ni yeye atakayekuja kukagua, na ni heri akupe masharti yake kwa maandishi sasa kuliko kukukuta umeshaanza. Cheti cha kupima afya za wafanyakazi kila miezi sita kiwe mkononi, maana kitu cha kwanza atakachouliza ni hicho.

Kuhusu ile familia iliyoondoka, usiichukulie kama watu wa visirani. Waislamu wengi wa kwetu wanafuata madhehebu ya Shafii, ambayo yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito. Chombo kilicholambwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu akiona mbwa analamba sahani yako, hana namna ya kujua sahani atakayoletewa yeye imetoka wapi. Hapo dini na fani yangu vinakutana kabisa: chombo cha mteja kisiguswe na mbwa, hata mara moja. Nunua bakuli za karatasi za kutupa, au mteja aje na bakuli lake. Kisha weka kibao langoni, kwa Kiswahili na Kiingereza, kinachosema wazi kuwa upande wa kushoto wa bustani mbwa wanakaribishwa na kwamba ndani hawaingii. Mtu aamue kabla hajakaa. Kibao hichohicho kitamsaidia mwenye pumu au mzio wa mbwa, na mtu anayewaogopa tu, ambaye naye ni mteja na hadaiwi maelezo.

Kamba iwe fupi, isizidi mita moja na nusu, na ifungwe kwenye mguu wa meza ya mwenye mbwa, au aishike mkononi. Zile kamba za kujivuta na kurefuka zikatae, zinamfikisha mbwa meza ya tatu kabla mwenyewe hajageuka. Meza mbili zenye mbwa zisikaribiane. Mbwa jike aliye kwenye joto abaki nyumbani, na vilevile mbwa anayeharisha, anayekohoa au mwenye kupe wanaoonekana. Wafundishe wahudumu kumsoma mbwa: akikaza mwili, akiangalia pembeni hadi weupe wa jicho ukaonekana, akijilamba midomo hovyo, anasema amechoka na watu. Wengi wanadhani mkia unaotikisika ni furaha siku zote. Mkia uliosimama wima ukitetemeka juu juu ni onyo.

Wateja wengine wasimlishe. Mifupa ya nyama choma huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo, na vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake.

Akijisaidia, mwenyewe aokote kwa mfuko, kisha mtu asiye mhudumu wa chakula asafishe. Dawa ya klorini ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwenye vipimo sita vya maji, inaua bakteria na virusi, lakini ukiimwaga juu ya kinyesi ambacho hakijaondolewa umepoteza dawa. Mayai ya minyoo hayajali klorini. Kwa hayo, okota mapema, sugua kwa sabuni, kisha mwaga maji yanayochemka.

Yupo mbwa mmoja ambaye masharti ya bustani hayamhusu: mbwa anayemwongoza mtu asiyeona. Arusha inapokea watalii, na siku moja atakuja. Huyo ni macho ya mwenye naye. Mkaribishe ndani na umpe meza ya pembeni ambapo mbwa atalala bila kukanyagwa. Marekani sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, na Uingereza ile ya usawa ya mwaka 2010, zinawalinda watu hawa, na mafunzo ya mbwa hao ni ya kiwango ambacho hutamsikia. Jikoni bado haingii.

Na mtu akiumwa, hata mkwaruzo mdogo, hata na mbwa mwenye kadi safi: osha jeraha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa ukutani. Sabuni huvunja utando wa nje wa virusi vya kichaa, kwa hiyo hatua hiyo ni tiba, usiiruke ili kukimbilia gari. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala dawa ya kienyeji, na usifunge jeraha kwa kulibana. Kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo, daktari aamue kuhusu chanjo. Mbwa asiuawe. Afungwe na aangaliwe kwa siku 10 na daktari wa mifugo, maana akiwa mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma. Andika jina na simu ya mwenye mbwa kabla hajaondoka. Na wiki hii, kabla ya kufungua upande huo wa bustani, piga simu hospitali mbili zilizo karibu nawe uulize kama chanjo ya kichaa cha mbwa ipo, kwa kuwa si kila kituo kinakuwa nayo.