Mwana wa Mhunzi na Farasi wa Baba Yake

SWALI: Mhariri, baada ya salamu, mimi ni saisi niliyehudumu katika mabanda ya farasi jijini Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kijana wangu ana umri wa miaka 15, na tangu alipojua kutembea hajaacha kunifuata bandani. Siku hizi hutazama kwenye simu mbio za kule Ireland na Uingereza ambazo farasi huruka viunzi, na amevutiwa mno na mpanda farasi mmoja aitwaye Ruby Walsh, ambaye sasa amestaafu. Wenzangu kazini humcheka, wakisema kwamba Walsh alibebwa kwa mbeleko ya baba yake aliyekuwa mwenye farasi, na kwamba mtoto wa saisi asijidanganye. Je, wanasema kweli? Na Walsh huyo alianzaje hasa? – Baba Kijana, Nairobi.

JIBU: Baba Kijana, wenzako wana nusu ya habari, na nusu hiyo nayo inahitaji kusahihishwa. Ted Walsh, baba yake Ruby, sifa yake haikutokana na kumiliki farasi. Alikuwa mpandaji wa ridhaa aliyetwaa ubingwa wa wapandaji wa ridhaa wa Ireland mara 11, kisha akawa mkufunzi wa farasi huko Kill, katika jimbo la Kildare, na pia mchambuzi wa mbio kwenye televisheni. Mwanawe alizaliwa tarehe 14 Mei 1979 na akapewa jina la babu yake, ambaye naye alikuwa mtu wa farasi. Waswahili husema mwana wa mhunzi asipofua huvukuta, na katika nyumba ile, kwa kweli, hakukuwa na kazi nyingine ya kuvukuta.

Kitu ambacho mtoto hupata katika nyumba ya namna hiyo, na ambacho hakinunuliki, ni jicho. Farasi wa viunzi hukifikia kizuizi akiwa katika mbio kali, na mpandaji anatakiwa ajue, hatua tatu au nne kabla ya kuruka, kama mwendo utamfikisha mahali panapofaa au utamwangusha. Ikiwa farasi yuko mbali mno, humsukuma aongeze hatua. Ikiwa atakaribia mno, hutulia kabisa na kumwachia mnyama apange miguu yake mwenyewe, jambo ambalo ni gumu kuliko kusukuma, kwa sababu mwili mzima wa kijana unamwambia afanye kitu. Mwangalie Walsh katika picha yoyote ya zamani: mikono imeshuka, hatamu haijavutwa, na mgongo umetulia kama wa mtu anayesoma gazeti. Utulivu huo hutokana na asubuhi nyingi za baridi juu ya farasi wengi, wazuri na wabaya, na mtoto wa mkufunzi huzipata asubuhi hizo kabla ya kwenda shule.

Kuhusu mwanzo wake, Ruby alishinda mbio zake za kwanza Julai 1995 katika uwanja wa Gowran Park, akiwa na farasi Siren Song, miezi miwili tu baada ya kutimiza miaka 16. Hakukimbilia kuwa mpandaji wa kulipwa. Ireland ina mbio ziitwazo bampa, ambazo hukimbiwa pasipo viunzi na farasi wanaoandaliwa kwa kazi ya kuruka, na kwa kawaida hupandwa na wapandaji wa ridhaa. Katika mbio hizo kijana hujifunza kupanga mwendo na kukaa katikati ya kundi kubwa bila kuhofia kizuizi kinachofuata. Ruby alikaa katika ridhaa kwa misimu mitatu, akawa bingwa wa wapandaji wa ridhaa wa nchi nzima katika misimu ya 1996/97 na 1997/98, ndipo akabadili leseni.

Hapa ndipo hoja ya mbeleko inapoanza kulegea. Ushindi wake wa kwanza katika tamasha la Cheltenham huko Uingereza, ambalo kwa watu wa mbio za viunzi ndilo kilele cha mwaka, aliupata Machi 1998 juu ya Alexander Banquet, farasi aliyefunzwa na Willie Mullins na si na Ted. Mullins naye ni mtoto wa mkufunzi na aliwahi kuwa mpandaji wa ridhaa, hivyo sitakataa kwamba majina ya ukoo yalikuwa yamekwisha kufahamiana. Lakini mkufunzi anayewajibika kwa mwenye farasi hatoi mnyama bora kwa ajili ya adabu za ujirani. Msimu uliofuata, 1998/99, Ruby akatwaa ubingwa wa Ireland miongoni mwa wanaolipwa.

Kisha mambo yakaharibika. Mwishoni mwa mwaka 1999 alivunjika mguu huko Pardubice, Jamhuri ya Cheki, akakosa sehemu kubwa ya msimu, na alirejea muda mfupi tu kabla ya Grand National ya tarehe 8 Aprili 2000 kule Aintree, Liverpool. Zilikuwa mbio za vizuizi 30 na farasi 40, na yeye, mwenye miaka 20, alikuwa hajawahi kuzishiriki. Farasi wake, Papillon, alifunzwa na baba yake. Asubuhi ile wacheza kamari walimmiminia Papillon fedha hata malipo aliyoahidiwa atakayeshinda kamari yakashuka kutoka 33 kwa kila 1 aliyoweka hadi 10 kwa 1, kwa hiyo kijana alipanda tandiko akiwa amebeba matumaini ya nchi pamoja na ya familia. Alishinda kwa urefu wa farasi mmoja na robo dhidi ya Mely Moss. Mwezi huohuo baba na mwana wakashinda pia Grand National ya Ireland, safari hiyo wakiwa na Commanche Court.

Naam, bila Ted, Ruby asingempanda Papillon akiwa na umri ule. Hilo wenzako wamelisema sawa. Wala Ted na Ruby si baba na mwana pekee: mwaka mmoja kabla, 1999, Paul Carberry alishinda mbio hizohizo za Aintree juu ya Bobbyjo, farasi aliyefunzwa na baba yake, Tommy, ambaye mwenyewe alikuwa ameshinda akiwa mpandaji wa L'Escargot mwaka 1975. Lakini mpime Ruby na Rachael Blackmore, ambaye mwaka 2021, akiwa na Minella Times, alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda Grand National. Baba yake ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mama yake ni mwalimu. Blackmore aligeuka kuwa mpandaji wa kulipwa mwaka 2015 akiwa na miaka 25, umri ambao Walsh alikuwa tayari amevaa taji zaidi ya mara moja. Kwa maoni yangu, tofauti ya wawili hawa iko katika miaka zaidi kuliko katika kipaji. Jina la baba humpunguzia kijana muda wa kusubiri mlangoni. Halimpunguzii maanguko, kama mguu wa Ruby unavyoshuhudia.

Mtoto wa saisi, basi, hayuko mbali na banda. Yuko ndani yake. Mwache apande kila farasi anayeruhusiwa, hasa wale wasiopendwa na wengine, na akifikisha umri wa leseni aanzie katika mbio za tambarare, yaani zisizo na viunzi, zilizopo Ngong. Ng'ambo viko vyuo vya wanagenzi, kimoja Curragh, hukohuko Kildare, na kingine Newmarket, Uingereza.

SWALI: Nimesikia kwamba wapandaji wachanga hupunguziwa uzito. Huo si upendeleo? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ni upendeleo, na umewekwa makusudi. Kila farasi hupangiwa uzito; Papillon, kwa mfano, alibeba ratili 152, takriban kilo 69. Kabla na baada ya mbio mpandaji huketi kwenye mizani akiwa amekumbatia tandiko lake, na akiwa mwepesi mno huongezewa vipande vya risasi, yaani madini, si ya bunduki. Nchini Uingereza mwanagenzi wa viunzi hupunguziwa ratili 7 hadi afikishe ushindi wa 20, kisha ratili 5 hadi 40, na ratili 3 hadi 75, ili mkufunzi awe na sababu ya kumpa farasi mtu asiye na uzoefu. Katika mbio kubwa kama Grand National nafuu hiyo haitumiki. Kipindi kigumu huja baada ya ushindi wa 75, kwa sababu asubuhi inayofuata kijana hulinganishwa na mabingwa kwa uzito uleule, na simu za wakufunzi waliokuwa wakizitafuta zile ratili 3 huanza kupungua.