Namba ya siri ya chuo itaingia kwenye simu ya nani?

Wiki hii mama mmoja wa Machame ameniandikia akiwa amekata tamaa. Binti yake amechaguliwa na vyuo viwili, zimebaki siku mbili za kuthibitisha, na namba ya siri ya kuthibitishia haijaingia kwenye simu yoyote ya nyumbani. Siku ya kuomba chuo, kijana wa stesheneri aliweka namba yake ya simu na barua pepe yake ili mambo yaende haraka. Sasa hapokei. Inauma, kwa sababu kosa hili linazuilika kabisa, na halizuiliki na mtoto. Linazuilika na mzazi.

Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Ukiisha, wengi wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Wako anaweza kupangiwa Oljoro hapa jirani Arusha, au akapelekwa Bulombora kule Kigoma. Matokeo hutoka Julai, vyuo vinafungua maombi, na yeye bado yuko kwenye kwata bila simu. Kwa hiyo maombi ni kazi yako, na maandalizi yake yafanyike kabla hajapanda basi la kambini.

Kaeni mezani jioni moja na daftari. Afungue barua pepe kwa jina lake mwenyewe, aandike anwani na nywila. Aandike namba zake za mtihani za kidato cha nne na cha sita kwa ukamilifu: herufi ya mwanzo, namba ya kituo, namba yake, mwaka. S ni ya aliyesoma shuleni, P ni ya mtahiniwa wa kujitegemea, na ukiikosea mfumo hautamtambua. Halafu aandike kozi anazozitaka kwa mpangilio wake yeye, siyo wa shangazi. Mwisho chagueni laini moja ya simu itakayobaki kwako na inayotumika kila siku. Laini iliyolala kabatini inaweza kufungwa wakati ndiyo inayosubiriwa.

Kwenda stesheneri si vibaya, wazazi wengi tunahitaji msaada huo. Ila nenda na daftari, omba kiti ukae ubavuni kwa anayekujazia, usome kioo herufi kwa herufi kabla hajatuma. Kisha mwambie atoke kwenye akaunti, nawe uingie kwa simu yako palepale kaunta. Ukishindwa kuingia, kazi haijaisha, na usilipe.

Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya siku zilizotangazwa. Namba ya siri isipokuja, ingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka uombe itumwe tena. Kama namba ya simu iliyoandikwa siyo yenu, piga simu ofisi ya udahili ya chuo hicho siku hiyohiyo, ukiwa na majina kamili na namba ya kidato cha nne. Mama wa Machame nimemwambia hivyo hivyo, na aanze asubuhi ofisi zikifunguliwa.

Wenye watoto wakubwa wanakumbuka zamani maombi yakipita moja kwa moja TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu 2017 unaomba kwenye chuo chenyewe, na kila chuo kina ada yake ya maombi, kwa kawaida Sh 10,000. Vyuo vitatu vinatosha, ikiwa vimechaguliwa kwa akili. Kiwango cha chini cha shahada ni alama mbili kuu (principal pass) zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinafika, C na E zinafika. Lakini kufika siyo kuchaguliwa. Kila kozi ina masharti yake, na hapo ndipo wengi wanaanguka: mtoto wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) ana pointi nzuri, anaomba uchumi, kumbe alifeli hisabati kidato cha nne na kozi inaidai. Fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huu, usome mstari wa kozi hadi mwisho. Aliyetoka stashahada achukue kwanza namba ya uhakiki NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati. Na katika vitatu hivyo, kimoja kiwe cha karibu: Ushirika Moshi, Uhasibu Njiro, Makumira. Mtoto anayelala nyumbani hana kodi ya chumba, na kwa familia ya kahawa na ndizi hilo si jambo dogo.

Sasa majina. Kwetu mtoto ana jina la ubatizo, jina la nyumbani na la ukoo, na kila karani ameandika alivyosikia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mushi, cha kidato cha nne kinasema Moshi. Miaka yote hakuna aliyejali, mpaka Bodi ya Mikopo. Ombi la mkopo linataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cha kifo pia kama mzazi amefariki. Vyeti viweke pamoja mwezi Mei, uvisome kimoja baada ya kingine. Kosa la cheti cha kuzaliwa linaanzia RITA, ofisi ya mkuu wa wilaya. Tofauti ya herufi huhitaji kiapo kwa wakili au hakimu, na jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Uhakiki uombe mapema. Agosti foleni imejaa na siku zinakwenda.

Fomu ya mkopo ina sahihi nne: ya mwombaji, ya mdhamini, ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na ya wakili au hakimu. Sahihi ya mtoto usiighushi, tafadhali. Maliza mengine yote, ili akirudi kutoka kambini iwe imebaki yake tu. Ukipakia, hakikisha mhuri unasomeka. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono imerudisha fomu nyingi.

Barua ya chuo ikija, fomu ya afya ijazwe hospitali ya serikali, Mawenzi au Mount Meru, wiki moja kabla. Nje ya ada tenga bima ya afya, ambayo kwa muda mrefu imekuwa Sh 50,400 kwa mwaka, na Sh 20,000 ya TCU. Cheti halisi cha kidato cha nne na cha kuzaliwa viwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye buti la basi. Godoro na ndoo anunue huko huko. Blanketi zito la Marangu liache, Dar na Morogoro anahitaji chandarua. Anayeshukia Mbezi Luis afike mchana.

Mpe pesa ya chakula ya wiki tatu, hata kama mkopo umetoka. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, halimsubiri mlangoni: lazima asajiliwe kwanza, kisha asaini kwa alama ya kidole, na asiposaini pesa inarudi Bodi. Chakula cha Sh 6,000 kwa siku, kwa wiki hizo tatu, ni Sh 126,000. Akaunti ya benki aifungue kwa majina yaleyale ya cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Malipo yakigoma, aanze kwa afisa mikopo wa chuo chake na kitambulisho mkononi, siku hiyohiyo.